Ohio State 2020: Uamuzi wa Agosti haukuwa woga

Kabla ya nusu fainali ya ubingwa wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo, msimu wa 2020, kocha Dabo Swinney wa Clemson aliiweka Ohio State nafasi ya 11 kwenye kura yake ya makocha. Hakusema timu ni mbovu. Alisema imecheza mechi chache mno: sita, wakati vijana wake walishacheza 11. Tarehe 1 Januari 2021, mjini New Orleans, hao wa nafasi ya 11 walimchapa 49-28. Justin Fields, kwotabeki wao (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi), alipigwa mbavuni kwa kichwa cha mpinzani, akatoka nje akijikunja kwa maumivu, akakosa shambulizi moja tu, kisha akarudi na kumaliza usiku ule akiwa na pasi sita za kufunga.

Mashabiki wa Columbus, mji wa Ohio State, wanausimulia usiku huo kwa raha. Ila waache waendelee, hawachelewi kufika kwa Kevin Warren, aliyekuwa kamishna wa Big Ten, ligi ya Ohio State. Kwa maelezo yao, Warren na wakuu wa vyuo 14 vya ligi hiyo waliogopa korona, wakaufuta msimu Agosti 11 kwa kura 11 dhidi ya 3, wakaona aibu, wakaurudisha Septemba 16. Wiki tano zilizopotea katikati ndizo zilizowanyima mechi, heshima, na pengine hata ubingwa, maana fainali walifungwa na Alabama 52-24.

Hoja hiyo si ya kubeza. SEC, ligi ya Alabama, haikufuta kitu. Ilisogeza mwanzo hadi Septemba 26, ikapanga mechi 10 za wao kwa wao na kuacha nafasi kwenye kalenda kwa ajili ya mechi zitakazokwama. Big Ten iliporudi uwanjani wikiendi ya Oktoba 24 haikuwa na hata wiki moja ya akiba. Mechi ikikwama, imekwenda. Ohio State walipoteza tatu kwa njia hiyo: ya Maryland kwa maambukizi ya Maryland, ya Illinois kwa maambukizi yao wenyewe, na ya Michigan kwa maambukizi ya Michigan, mara ya kwanza tangu 1917 kwa mahasimu hao kutokutana. Wakabaki na mechi tano, na kanuni ilidai sita ili mtu acheze fainali ya ligi. Desemba 9 kanuni ikaondolewa. Waliolipa bei ya hapo ni Indiana, ambao wangeingia fainali hiyo badala yao, timu iliyopoteza mechi moja tu, 42-35 dhidi ya hao hao Ohio State. Sijawahi kusikia shabiki wa Columbus akiwalilia.

Kuna pia hoja ya wachezaji. Trevor Lawrence wa Clemson alisema wazi Agosti ile kwamba kijana akirudishwa nyumbani hatari haimwachi. Huenda ikazidi, maana kambini kuna madaktari na masharti, na mtaani hakuna. Fields alianzisha ombi la mtandaoni la kudai msimu urudi, likapata sahihi zaidi ya 300,000. Baba yake beki Shaun Wade alikwenda na wazazi wengine hadi Rosemont, Illinois, kusimama nje ya makao makuu ya ligi. Hawa hawakuwa wafanyabiashara wa televisheni.

Lakini kinachosahaulika ni kwamba Agosti 5, siku sita kabla ya kura ile, kundi la wachezaji wa Big Ten lilitoa tamko lao. Walitaka kucheza, ndiyo, ila kwa masharti, na mojawapo lilikuwa upimaji unaosimamiwa na watu wasio wa timu. Na upimaji ndio uliokuwa kiini cha jambo zima. Mwongozo wa NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, wa kiangazi kile ulizungumzia kipimo kimoja ndani ya saa 72 kabla ya mechi. Kijana anapimwa Alhamisi, anaambukizwa Alhamisi jioni, Jumamosi anagongana uso kwa uso na watu 11. Vipimo vya haraka vya antijeni, vile vya kumpima kila mchezaji kila asubuhi kabla hajaingia mazoezini, havikupatikana Agosti kwa wingi wa kuendeshea ligi nzima. Septemba vilipatikana. Uamuzi wa kurudi ulisimama juu ya vipimo hivyo vya kila siku, vilivyotakiwa kuanza kufikia Septemba 30, pamoja na uchunguzi wa moyo kwa kila aliyeambukizwa.

Kwa hiyo mimi nikiambiwa kwamba wakuu wa vyuo waligeuka kama vinyonga, nauliza: walitakiwa wang'ang'anie uamuzi wa Agosti hata baada ya sababu zake kubadilika? Tazama mwisho wa Novemba. Vipimo viliwanasa wachezaji wa Ohio State, vikamnasa na kocha Ryan Day. Safari ya Illinois ikafutwa. Wiki iliyofuata Larry Johnson, kocha msaidizi, akaiongoza timu iliyopungukiwa watu kwenda kuifunga Michigan State 52-12. Kwa utaratibu wa kipimo kimoja kwa wiki, nani ajuaye ni wangapi wangepanda ndege ile na virusi kifuani.

Warren mwenyewe simtetei sana. Ratiba mpya ya mechi 10 aliitangaza Agosti 5, na baada ya siku sita ikawa karatasi ya kufungia maandazi. Agosti 19 aliandika barua ya wazi akisema uamuzi hautaangaliwa upya, na baada ya wiki nne tu ukawa umebadilishwa. Hesabu ya kura ilijulikana rasmi baada ya wachezaji wa Nebraska kwenda mahakamani. Na wakati anawazuia watoto wa wenzake, mwanawe alikuwa kwenye timu ya Mississippi State, katika SEC iliyokuwa inajiandaa kucheza. Kisheria hilo halina kosa lolote, kijana ni mtu mzima. Lakini mzazi aliyesimama Rosemont na bango mkononi utamweleza nini?

Turudi kwenye moyo, maana hapo ndipo neno woga linapotumika ovyo. Mwanzoni mwa Agosti, Eduardo Rodriguez, mrushaji wa besiboli wa Boston Red Sox, alifungiwa msimu mzima kwa uvimbe wa misuli ya moyo uliomjia baada ya korona. Agosti 7, Michael Ojo, aliyewahi kuchezea Florida State mpira wa kikapu, alianguka mazoezini Belgrade akafa, akiwa na umri wa miaka 27. Alikuwa ameugua korona na kupona. Kwamba korona ndiyo iliyomuua halijathibitishwa, lakini aliyepiga kura siku nne baadaye hakuwa na namna ya kulifumbia macho.

Kisha zikaja takwimu, na zilitoka Ohio State yenyewe. Madaktari wa chuo hicho waliwapima kwa MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, wanamichezo 26 waliopona korona, wakawakuta wanne na dalili za uvimbe wa misuli ya moyo: asilimia 15. Matokeo yalichapishwa Septemba. Wakosoaji walikuwa na haki ya kusema idadi ni ndogo na hapakuwa na kundi la kulinganisha, na kwamba moyo wa mwanamichezo una maumbile yake. Mwaka 2021 ikatoka hesabu kubwa ya vyuo 13 vya Big Ten: wanamichezo 1,597, wenye uvimbe 37, asilimia 2.3. Waliokuwa wakimcheka Warren waliishika 2.3 hiyo kama ushindi.

Isomeni vizuri. Kati ya hao 37, kama madaktari wangewapiga picha ya MRI wale tu wenye dalili za moyo, wangewagundua watano. Waliobaki 32 wangeruhusiwa kurudi uwanjani kukimbia na kugongana, kwa kuwa hakuna kilichowauma. Walijulikana kwa sababu moja tu: Big Ten ilifanya uchunguzi wa moyo kuwa sharti la kurudi. Na sharti lenyewe lilitungwa katika wiki zile tano zinazoitwa za kupoteza muda.

Na hao walikuwa vijana wasio na mshahara. Ruhusa ya mchezaji wa chuo kulipwa kwa jina na sura yake ilikuja Julai 2021, msimu ule ukiwa umeshaisha. Mwajiri anayemwambia mfanyakazi wake abebe hatari angalau ana mkataba mezani. Mkuu wa chuo alikuwa anambebesha hatari hiyo mwanafunzi, na hajui hata ukubwa wake ni asilimia 15 au 2. Mwezi mmoja wa kungoja kipimo kipatikane nauona haki ya kijana huyo, hata kama yeye mwenyewe alikuwa analia acheze.

SEC walibahatika au walipanga vizuri zaidi. Kwa upande wa ratiba, naamini walipanga vizuri zaidi, na Big Ten wangeweza kusogeza bila kufuta. Hilo ndilo kosa la Agosti ninalolikubali. La moyo silikubali. Kati ya wale 37, 27 walipigwa picha tena baadaye. Uvimbe ulikuwa umeisha kwa wote, lakini 16 bado walikuwa na alama kwenye msuli wa moyo. Anayesema Agosti ilikuwa hofu tupu aanze kwa kutueleza hao 16 wangekuwa wapi kama mechi zingeanza tarehe iliyopangwa mwanzo, bila MRI na kwa kipimo kimoja kwa wiki.