Mlango wa Pikapu Usiostahimili Kusi

Wapo watu wanaoamini kwamba baridi ni mali ya Limuru na Nyahururu, na kwamba mkazi wa Malindi anayeitaja anatafuta kisingizio cha kuchelewa kazini. Hao ningependa waje wasimame nami nyuma ya pikapu yangu mwezi wa Julai, baada ya sala ya alfajiri, upepo wa kusi ukitoka baharini na kupenya mpaka ndani ya shati, kisha wajaribu kuufungua mlango wa nyuma kwa heshima, bila kutamka neno ambalo watoto hawapaswi kulisikia.

Sikatai kwamba kipimajoto wakati huo huonyesha nyuzi 22 au 23, na kwamba mtu wa Kanada angevua fulana kwa furaha. Huko kwao maji huingia ndani ya loki ya mlango yakaganda kuwa barafu, na mwenye gari akiuvuta mshikio wa plastiki kwa hasira hubaki nao mkononi. Nampa pole, lakini yeye akimpigia simu tajiri wake na kutaja barafu, habari inaeleweka na hakuna anayeuliza zaidi. Mimi nikimwambia mpishi wa hoteli moja kule Watamu kwamba samaki wake wamekwisha kufika mlangoni kwake ila hawawezi kutoka garini kwa sababu ya baridi, ananitazama kuanzia ndala mpaka kofia, kisha anauliza kama nimelala vizuri.

Kwa faida ya mpishi huyo, naomba nieleze. Mshikio ulio katikati ya mlango huvuta vyuma viwili vyembamba vilivyofichwa ndani, kimoja kikielekea kushoto na kingine kulia, na kila kimoja hufungua loki iliyoishika pini ya bodi. Mambo yote, kwa hiyo, yanategemea loki mbili zikubaliane kwa wakati mmoja. Ya upande wa dereva hufunguka bila maneno, lakini ya upande wa abiria inapopigwa na baridi hukataa kata kata, na mlango ukabaki umekaa mshazari, haukufunguka na wala haukubali tena kufungika. Kuendesha gari katika hali hiyo ukiwa na kreti za samaki nyuma ni kujitafutia ugonjwa wa moyo, hasa kwenye matuta ya barabara ya kwenda Gede.

Kiini cha ugomvi ni grisi. Grisi hulainika kwa joto na kuwa nzito kwa baridi, na kama ni ya zamani, imekwisha kunywa vumbi na chumvi mpaka imekuwa nusu gundi, hata hizo nyuzi chache zinazopungua usiku zinatosha kuikaza. Na chumvi hapa kwetu haitafutwi. Kule Gongoni na Marereni watu huyatega maji ya bahari kwenye mashamba makubwa, jua likayakausha, ndipo wakaikusanya. Mimi upepo huniletea bure mpaka kwenye bawaba. Chumvi huvuta unyevu, unyevu hukaa juu ya chuma, na kutu haingoji mwaliko. Ongeza maji ya barafu ya samaki yanayotiririka kuelekea mlango huo huo kila siku ya Mungu, utaona kwamba loki yangu imestahimili mengi kuliko baadhi ya ndoa za mtaani kwetu.

Hata hivyo, baridi na chumvi hazinichoshi kama washauri. Mzee mmoja wa barazani aliniagiza nimwagie maji ya moto, na kwa kweli mlango ulifunguka, ila yale maji yalibaki ndani yakaongeza kutu, na kesho yake hali ikawa mbaya zaidi. Kijana wa bodaboda alipendekeza teke, akalipiga yeye mwenyewe kabla sijajibu, na alama yake ipo mpaka leo. Jirani yangu, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, alisema gari limepigwa jicho, akaniletea ubani. Nilifukiza, kwa kuwa si adabu kumkatalia mtu mzima, na pikapu ikanukia vizuri kwa mara ya kwanza tangu nianze kubeba samaki, lakini loki haikushtuka.

Kisha ikaja harusi ya mpwa wangu huko Mambrui. Niliisugua pikapu kwa sabuni mpaka nikapewa ruhusa ya kuwabeba akina shangazi pamoja na sinia za biriani. Tulivuka daraja la Sabaki kwa vigelegele, tukafika mapema, na kumbe mapema ndiyo iliyoniponza, kwani jua lilikuwa bado halijapata nguvu. Sinia zilipitishwa ubavuni, mchuzi ukamchuruzikia mtu ambaye sitamtaja kwa sababu bado hatusemezani, na akina shangazi waliteremka mmoja mmoja kwa kukanyaga kigoda juu ya kreti, wamekusanya mabuibui yao, huku upande wa bwana harusi ukitazama. Shangazi mkubwa alipofika chini aliniambia, "Mwanangu, gari hili utalizika lini?"

Dawa yenyewe inajulikana. Bamba la ndani ya mlango lifunguliwe, loki zisuguliwe kwa brashi na mafuta ya taa mpaka grisi ya kale iondoke, zikaushwe, kisha zipakwe grisi mpya kidogo, wala si kushindiliwa kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate wa mgeni. Tatizo ni kwamba skrubu za bamba hilo nazo zimeliwa na kutu, bisibisi inateleza tu, na kazi inamhitaji fundi mwenye mashine ya kutobolea. Fundi ninaye, na ni hodari, ila ana sharti moja: hagusi kitu ambacho hajakiona kikiharibika. Gereji yake hufunguliwa saa nne asubuhi. Saa nne jua limekwisha kupanda, grisi imelainika, na mlango unafunguka kwa kidole kimoja. Anaufungua, anaufunga, anaufungua tena, halafu ananiuliza, "Mzee, mbona uko mzima?"

Nilimsihi aje kwangu alfajiri aone kwa macho yake, nauli juu yangu na chai ya maziwa na mahamri vikimngoja. Alikataa kwa upole, akisema kwamba miezi hii asubuhi kuna baridi kali na yeye ana kifua.

Basi nimewatangazia wateja wangu wote kwamba mpaka kusi itulie, mzigo utashushwa kuanzia saa nne. Anayetaka samaki wake kabla ya hapo atapitishiwa ubavuni, na kazi ya kupitisha ubavuni ina malipo yake. Mpishi wa Watamu amekwisha kupewa bei, na mpaka sasa hajajibu.