Futi ya Fundi Vitani

Nottingham ni mji wa vita, tena vita vyenyewe hupiganwa mezani. Games Workshop, wenye Warhammer, mchezo wa kupigana vita kwa askari wa sanamu, makao yao makuu yako hapa hapa, kwa hiyo usishangae jirani mwenye mvi akikukaribisha kwake ukakuta meza ya chakula imejaa wapanda farasi wa kimo cha kidole, nyumba nzima ikinuka rangi na gundi.

Mimi ni fundi cherehani. Nafupisha suruali, nabana viuno, nabadilisha zipu za watu walioshiba. Mzee jirani alipofuata koti lake alinikuta namkadiria mteja bega kwa macho, kwa kujifurahisha tu, kabla sijaweka futi. Nikasema inchi 18 na robo. Futi ikasema 18 na robo. Mzee akasahau koti.

"Fundi, Jumapili una kazi?"

Kumbe yeye na wenzake wanacheza toleo la zamani la Warhammer. Toleo la mwaka 2010 liliruhusu watu kupima umbali wakati wowote wanaotaka, na wazee hawa wakalisusa, wakisema jemadari anayepima kwanza ndipo apige ni seremala. Kwao mwenye mzinga lazima achague shabaha, ataje idadi ya inchi kwa kukisia, na tepu iguse meza baada ya hapo. Mzee jirani alikuwa anakisia vibaya miaka yote. Alikuwa anakodi jicho.

Jumapili nikafika na futi yangu shingoni, mazoea ya kazi. Ukumbi mdogo, chai nyingi, meza ya futi sita kwa nne yenye vilima vya sponji. Mpinzani wetu alikuwa bwana mnene mwenye ndevu nyekundu, na sitamsema vibaya kwa ufundi wake: kila mpanda farasi alikuwa na bendera ndogo kuliko ukucha, na kwenye bendera ile, ukiinama vizuri, ulikuta amechora hadi pindo na mishono yake. Sawasawa kabisa, mshono kwa mshono. Nimewahi kuajiri watu wasioweza kushona hivyo kwenye shuka.

Zamu yetu ikafika. Nikainama nyuma ya mzinga, nikafumba jicho moja.

"Thelathini na moja na nusu."

Kipimo hapa huanzia mdomo wa mzinga hadi ukingo wa kibao anachosimamia askari. Tepu ikatandazwa: 31 na nusu. Ukumbi ukanyamaza. Mzee akanishika bega kwa fahari, kisha akachukua dadu.

"Ya nini tena hiyo?"

"Ya mzinga," akasema, na kurusha.

Hapo ndipo nilipojulishwa kwamba dadu ile ina 2, 4, 6, 8, 10 na uso mmoja wa mlipuko, na kwamba namba ikitoka inajumlishwa kwenye makisio yako. Wenye akili hutaja pungufu, ili nyongeza iwafikishe. Ikatoka 10. Kombora letu likawaruka wapanda farasi wote likatua inchi 41 na nusu, mahali ambapo mzee, kwa werevu wake, alikuwa amempitisha jemadari wetu ili awavamie kwa nyuma. Kombora likadunda, likapita naye.

"Mzee, mbona hukuniambia?"

"Nilidhani kila mtu anajua."

Nani anajua? Mteja akitaka suruali ya kiuno 32 sirushi dadu nikamshonea ya 42 halafu nikamwambia ndiyo sheria.

Zamu iliyofuata nikapunguza inchi kumi, na kombora likapita katikati ya kikosi cha ndevu nyekundu. Likaangusha wawili. Hapo bwana yule akakumbuka kuitazama futi yangu. Akasema futi za mafundi zinalegea kwa kuvutwa, hivyo inchi zangu ni nene kuliko inchi za watu wengine, na mchezo mzima una dosari.

Kunitukania futi yangu mbele ya watu! Nikaivua nikailaza mezani. Mzinga mkubwa wa mchezo ule unafika mwisho inchi 60, na futi ya fundi nayo inaishia 60, kwa hiyo kama kuna chombo kilichozaliwa kwa kazi hiyo ni changu. Yeye akachomoa kiunoni tepu ya chuma ya waashi, akaivuta hadi ng'ambo ya meza, akaibana kwa kidole gumba, akainama kusoma. Miwani aliiacha kwenye gari.

Gumba likateleza.

Tepu ikarudi kwao kwa mlio mmoja, ikijipinda kushoto na kulia, ikapanda kilima, ikashuka, ikawazoa wapanda farasi magotini safu kwa safu. Ndoano yake ya mbele ikaondoka na bendera. Mmoja akaruka juu akatua kwenye kikombe changu. Wa kwetu hakuguswa hata mmoja.

Mahali pengine watu wangecheka wakaokota. Wazee hawa wakafungua kitabu cha sheria kutafuta kama marehemu wanahesabika. Mmoja akamtaja mwandishi wa Kiingereza H.G. Wells, aliyechapisha sheria zake za vita vya sakafuni mwaka 1913: kwake mizinga ya kuchezea ilikuwa na springi na ilifyatua kweli kijiti cha mbao, na askari aliyeangushwa kafa, hakuna cha kukisia.

"Tepu si mzinga!" ndevu nyekundu akalia toka chini ya meza, alikokuwa akitafuta bendera.

"Lakini ina springi," akasema mzee jirani.

Wakalijadili hilo kwa uzito ambao sijawahi kuuona hata kwenye kikao cha mirathi. Mke wangu akapiga simu, nikamwambia niko vitani, akauliza nimekula? Nilipokata simu walikuwa wamekubaliana kuirushia tepu dadu ya mzinga. Ikatoka mlipuko. Kwa mlipuko unarusha dadu ya kawaida na kusoma jedwali. Ikatoka moja, na moja ndiyo mbaya kuliko zote: silaha imepasuka, iondolewe mezani pamoja na wahudumu wake.

Wote wakageuka kumtazama mhudumu wa tepu. Akatoka chini ya meza, akasoma jedwali mwenyewe mara mbili, akavua kofia. Akaenda jikoni kuchemsha maji mengine, maana chai yangu ilikuwa na farasi ndani.