Chenji anaijua, daftari linamshinda

Jumamosi iliyopita nilimtuma mwanangu wa darasa la 3 dukani, hapa kwetu Nkuhungu, Dodoma, na noti ya 1,000. Alinunua chumvi ya 500 na kiberiti cha 150, akarudi na 350 mkononi. Hakukosea hata shilingi. Jioni akafungua daftari la hisabati: 1,000 toa 650. Akaandika 1,650.

Nilikaa nikafuatilia alivyofika huko. Mamoja: 0 toa 0, 0. Makumi: 0 toa 5 haiwezekani, basi akageuza, 5 toa 0 ikawa 5. Mamia vivyo hivyo, 6. Ile 1 ya maelfu akaishusha ilivyo. Nikashika kalamu nikaanza kumwambia "kopa kwa jirani", kama nilivyofundishwa mimi. Jirani naye ni sifuri. Na jirani wa jirani sifuri. Sauti yangu ikaanza kupanda, na mtoto akaacha kutazama daftari, akawa ananitazama usoni huku akitaja majibu: 450? 250? Alikuwa anatafuta namba itakayonituliza.

Walimu wengi wangesema hapo ndipo nilipokosea, kwamba kazi ya kufundisha ningewaachia wao. Hoja yao ina uzito. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, vitabu vimebadilika, na mzazi anayeingia na njia ya zamani anampa mtoto njia mbili zinazogombana kichwani. Woga nao unaambukiza. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walichapisha matokeo yao kuhusu watoto wa darasa la 1 na la 2. Mzazi anayeiogopa hisabati alipomsaidia mtoto kazi za nyumbani mara kwa mara, mtoto yule alijifunza kidogo zaidi mwaka huo, na mwisho wa mwaka naye akawa anaiogopa. Mzazi mwenye woga uleule ambaye hakusaidia sana hakumwachia mtoto madhara hayo. Niliposoma hayo niliikumbuka sauti yangu ya Jumamosi.

Lakini kumwachia mwalimu peke yake, hilo siliwezi. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, na tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 madarasa mengi yamepita hapo mbali. Mwalimu anayesahihisha rundo la madaftari anaweka mkasi kwenye 1,650 na kwenda daftari linalofuata. Hana dakika 5 za kumuuliza mtoto mmoja sifuri zilimfanya nini. Mimi ninazo.

Tena hisabati nyumbani ipo tele, hata kwa mzazi ambaye hakumaliza la saba. Mkulima wa Kongwa anajua debe 6 zinajaza gunia. Mpe debe 27, atakwambia papo hapo: magunia 4 na nusu. Mtoto wake kwenye daftari anaandika "4 baki 3" na kuishia hapo, bila kujua kwamba ile baki 3 ni nusu ya gunia lililobaki wazi. Mzazi huyo ana kitu ambacho daftari halina, na mara nyingi amejiaminisha kwamba hajui hesabu.

Pengo hili halipo kwetu tu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1985, watafiti wa Recife, Brazili, waliwafuata watoto 5 wanaouza bidhaa mitaani, wa miaka 9 hadi 15, wakawauliza hesabu kama wateja. Walipata takribani 98% ya majibu. Hesabu za namna ileile zilipoletwa baadaye kama namba tupu za kuandika, wakapata kama 37%. Mtoto mmoja aliulizwa bei ya nazi 10 kwa 35 kila moja. Hakuongeza sifuri mwishoni. Alianza na nazi 3, ni 105, akaendelea kurundika tatu tatu mpaka akafika 350.

Wanaoisifu hesabu ya sokoni wanapaswa kukubali kwamba ina ukomo. Hakuna genge la Majengo litakalomwonyesha mtoto kwa nini nusu kujumlisha theluthi si mbili ya tano. Hapo anahitaji KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 2 na kwa 3), na anahitaji mwalimu.

Kukariri nako kusidharauliwe wala kuaminiwa kupita kiasi. Jedwali la kuzidisha likariri, mwanangu, halina mjadala. Ila chukua MAGAZIJUTO tunayoimba wote: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mpe mtoto 10 − 4 + 3. Akilifuata neno herufi kwa herufi, anajumlisha kwanza 4 na 3, anatoa 7, anapata 3. Jibu ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina hadhi moja na hufanywa kutoka kushoto. Mzazi anayekumbuka neno bila kukumbuka sababu atampotosha mtoto kwa nia njema kabisa. Tuisheni za kurudia maswali ya mitihani zina shida hiyohiyo, tena kwa kulipia.

Kwa hiyo msimamo wangu uko katikati, lakini umeegemea nyumbani: mzazi asaidie, ila asifundishe njia. Aulize "umepataje?" na avumilie kusikiliza hata jibu likiwa sahihi. Halafu amsaidie mtoto kuliandika analolijua tayari.

Jumapili nilirudi kwenye lile swali bila kalamu. Nikamuuliza, dukani ulijuaje kwamba chenji ni 350? Akajibu bila kufikiri: "Baba, 650 mpaka 700 ni 50. Mpaka 1,000 ni 300." Nikamwambia aandike hivyohivyo, mistari miwili. Alipomaliza alitazama ile 1,650 ya juu, akaikata mwenyewe.

Kukopa kwenye sifuri bado hajui, na njia yake ya dukani itamchosha siku atakapokutana na 40,302 toa 17,586. Hilo sikuligusa. Nilimwandikia mwalimu pembeni ya zoezi: kutoa anaelewa, sifuri ndizo zinamsumbua, naomba umtazame hapo.