Kamera Ina Mwenyewe, na Yaliyotokea Yalitokea

Kila msimu wa tasnifu hunijia wanafunzi wanaotaka kuandika juu ya usasaleo (postmodernism), yaani fikra inayotilia shaka ukweli mmoja na hadithi moja kuu, katika filamu, na karibu wote huja na mpango ule ule. Watachukua filamu moja, watachukua orodha ya sifa: mwingilianomatini (kazi moja kubeba kazi nyingine ndani yake), mchanganyiko wa tanzu, wakati uliovurugwa, msimulizi asiyeaminika. Kisha kazi nzima itakuwa kuonesha kwamba sifa ya kwanza imo, ya pili imo, ya tatu nayo imo. Mwisho inatangazwa kuwa filamu hii ni ya usasaleo. Na ikishakuwa ya usasaleo, kwa hiyo? Kazi inaishia mahali khasa ilipopaswa kuanza.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu ukihesabu sifa peke yake, sisi wa visiwani tulikuwa na usasaleo kabla haujapewa jina. Watu wa taarab walichukua ala za Misri, wakachukua mahadhi ya filamu za Kihindi zilizokuwa zikijaza sinema ya Majestic pale Vuga, wakayatilia mashairi ya mafumbo ya Kiswahili, na hakuna aliyeona ajabu. Baadaye ikaja mikanda ya video ya filamu za kigeni yenye sauti ya Lufufu, mtafsiri wake. Filamu inashushwa sauti, mtafsiri anapanda: anaeleza, anatania, anamwonya mhusika kuwa adui yuko nyuma ya mlango, anapachika methali mahali ambapo mwandishi wa filamu hakuwahi kuiota. Mtazamaji anafuata hadithi mbili kwa mara moja. Kwa kipimo cha orodha, huo ni usasaleo mtupu. Lakini kuipa kazi ile jina hilo hakutuambii kwa nini watu waliipenda, wala ni kitu gani cha hadithi ya asili kilizama chini ya sauti ya mtafsiri.

Nadharia ni maswali. Mwanafalsafa wa Kifaransa Jean-François Lyotard aliandika mwaka 1979 kuwa hali ya usasaleo ni hali ya watu kutoyaamini tena masimulizi makuu, zile hadithi pana za ukombozi na maendeleo ambazo kila tukio dogo hutafutiwa nafasi ndani yake. Mfaransa mwenzake Jean Baudrillard, mwaka 1981, akaenda mbali zaidi: picha haikifuati tena kitu, bali picha ndiyo inayotangulia. Fredric Jameson, mhakiki wa Kimarekani, naye akalalamika kwamba filamu zimeigeuza historia kuwa mtindo wa nguo na rangi. Wote watatu wametuachia maswali mazuri. Si wote waliotuachia majibu ninayoweza kuyakubali.

Ushahidi wa Baudrillard uko Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe wa Unguja. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akapelekwa skuli India, na mwaka 1964 familia yake ikahamia Uingereza. Dunia inamjua kama Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen. Filamu ya Bohemian Rhapsody ilitoka mwaka 2018, na mwaka uliofuata makumbusho yake yakafunguliwa Mji Mkongwe. Ndani ya filamu, kundi la Queen limesambaratika na linarudiana kwa ajili ya tamasha la Live Aid la Julai 1985, na Freddie anawaambia wenzake kabla ya siku hiyo kuwa ana UKIMWI. Yote mawili yamepangwa upya. Queen walitoa albamu mwaka 1984 na wakazunguka nayo hadi Mei 1985, na wanaoandika maisha yake kwa kawaida huiweka habari ya ugonjwa kwenye mwaka 1987. Wenye filamu walitaka machozi yaje mahali fulani, wakayasogeza mambo hadi yakafika hapo.

Sasa simama karibu na mlango wa makumbusho hayo msimu wa wageni. Nilimsikia kijana anayetembeza watalii akiwaambia watu wake, kwa sauti ya mtu anayesimulia msiba wa kwao, "Alikuwa anajua kuwa anakufa. Ndiyo maana siku ile aliimba vile." Mama mmoja wa Kizungu akafuta macho. Mumewe akanyoosha ngumi juu, kichwa kando, akapigwa picha. Kijana yule ni mzaliwa wa hapa, mlango wenyewe uko mgongoni mwake, na nyumba zaidi ya moja mjini zimewahi kutajwa kuwa ndiyo kwao Bulsara. Lakini maisha ya Mzanzibari mwenzake ameyachukua kutoka kwenye filamu ambayo Zanzibar inatajwa kwa maneno tu. Simlaumu, wala hakusema uongo kwa kukusudia. Ila hapo Baudrillard yuko sahihi kabisa, na mwanafunzi anayetaka kumwelewa angepata faida kubwa kwa kusikiliza maelezo ya watembezaji wote wa Mji Mkongwe na kuyalinganisha na filamu, tukio kwa tukio.

Kwa Jameson, tazama Vuta N'Kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Yasmin anaozwa kwa mzee, anakimbia ndoa, anakutana na Denge aliyejitosa kupambana na ukoloni wa Mwingereza. Nimesikia watu wakisema picha zake ni nzuri kupita kiasi, kwamba miaka ya 1950 imekuwa tamu: taa za njano, kuta zilizobabuka kwa namna inayopendeza, mavazi yaliyochaguliwa kwa jicho kali. Hoja hiyo ina uzito. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, na tangu hapo uzee wake umekuwa bidhaa. Yeyote anayepiga filamu ya zamani pale lazima azikwepe nyaya, madishi na vibao vya hoteli, na kile kinachobaki ndani ya fremu kinafanana sana na tangazo la utalii. Hata hivyo naitetea filamu hii. Jameson alihofia filamu inayoyapenda ya kale bila kuyauliza kitu. Hii inauliza nani alikuwa na haki ya kutembea usiku, nani alikuwa na haki ya kupenda, na askari wa mkoloni alikuwa mtoto wa nani. Uzuri wa picha haujalizima swali.

Lakini linaloniuma zaidi ni kipande kingine, ambacho wengi wetu tumetumiwa kwenye simu bila jina wala maelezo. Kimepigwa kutoka angani, Januari 1964, wakati wa Mapinduzi ya Zanzibar: watu wanakwenda kwa makundi, halafu miili imelala chini, mingine katika nguo nyeupe. Kimetoka kwenye Africa Addio, filamu ya mwaka 1966 ya Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi. Hao ndio waliokuwa wameshafanya Mondo Cane mwaka 1962, filamu iliyokusanya mambo ya kushtua kutoka kila pembe ya dunia, mengine yakiwa ya kupangwa, na kuyaunga kwa sauti ya msimulizi. Jacopetti alituhumiwa kwao Italia kwamba mauaji yaliyopigwa picha Kongo yalipangwa kwa ajili ya kamera, hakutiwa hatiani. Filamu nzima inasimulia Afrika inayoanguka katika fujo mara tu Mzungu anapoondoka. Muziki wake ni wa Riz Ortolani, mtamu na mpana, unaomfundisha mtazamaji lini ahuzunike.

Hapa Lyotard anafaa mno. Kuna simulizi kuu la ukombozi, ambalo tulikuwa nalo skuli. Kuna simulizi kuu la msiba, lililotunzwa majumbani na ughaibuni. Na kuna la tatu, la wenye kamera, kwamba Mwafrika hajiwezi. Kipande kile kinapokatwa kwenye filamu yake na kutumwa simuni, anayekituma hudhani ameliacha simulizi la Mtaliano nyuma. Hakuliacha. Pembe ya kamera, umbali ule unaowafanya watu waonekane kama chungu, mahali pa kukata, vyote vimekuja pamoja na kipande. Mwingine naye, akishajua kimetoka wapi, hukitupa chote: propaganda ya Wazungu, hakuna kitu. Nimewaona ndugu wa tumbo moja wakigombana barazani kwa kipande hiki hadi mmoja akaondoka bila kuaga.

Ndipo nilipokutana na sentensi katika rasimu ya mwanafunzi, kijana mwenye akili nzuri, kwamba mtazamo wa usasaleo unatuonesha kuwa hakuna ukweli wa 1964, kuna matini tu. Nilimwambia sitaisaini sentensi hiyo. Kuna watu kisiwani hapa wanaojua jina la aliyetoka nyumbani siku zile na hakurudi, wanajua alivaa nini. Kuna wengine wanaojua jina la babu aliyepigwa mijeledi kwenye shamba la karafuu la mtu. Huwezi kumwambia yeyote kati yao kuwa jambo lake ni matini. Baudrillard mwenyewe aliwahi kuufikia ukingo huu, alipoandika mwaka 1991 kwamba Vita vya Ghuba havikutokea. Alikusudia vita vile vilivyooneshwa kwenye televisheni, na wanaomtetea wana haki ya kulieleza hilo, lakini mwenye maiti nyumbani Iraki hana wajibu wa kumwelewa.

Ninayemwona ana jibu linalotufaa ni Linda Hutcheon, Mkanada, aliyeandika sana juu ya usasaleo na historia katika miaka ya 1980. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kuwa mambo ya zamani yalitokea kweli, ila sisi wa leo tunayafikia kupitia yaliyoachwa tu: maandishi, picha, masimulizi, na kila kimoja kina mkono wa aliyekitengeneza. Nusu ya kwanza inamzuia mwanafunzi wangu asiwafute watu. Nusu ya pili inamzuia mtuma video asijione ameshika ukweli wote kiganjani. Sioni kwa nini Zanzibar tuchague nusu moja.

Kwa hiyo kuna jambo ninalolitaka, na nimelisema kwa wenzangu mara nyingi. Africa Addio ioneshwe Ngome Kongwe, si kipande, filamu, yenye tafsiri ya Kiswahili ya kila alichokisema msimulizi wake. Mezani zije nyaraka za miezi ile kutoka hifadhi ya nyaraka ya Kilimani. Wakae wazee wa pande zote, wapewe muda bila ya kukatwa. Na akae mhariri wa filamu mwenye rimoti mkononi, aisimamishe picha kila panapokatwa, atuambie kamera ilikuwa wapi, ndege iligeukia upande gani, na ni kitu gani hakikuoneshwa.