Sikupigwa shoti, na jini halikuwepo

Najua video yangu nikiwa sakafuni na mashine ya kuoshea vyombo mmeshaiona. Bwashee kaiweka status jana hiyohiyo jioni mimi hata sijakauka, na mpaka asubuhi nimeshatumiwa na mtu wa Geita, na shemeji yuko Dodoma, na muuza chipsi wa hapa kona ambaye sikujua kama ana namba yangu. Sasa toleo la Bwashee linasema mashine ina jini, na mimi nilipigwa shoti nikaanza kulia namwita mama. Mama nilimwita, hilo sikatai, ila sio mama mnayemfikiria nyie. Tulieni.

Wanaokuja kwangu wanajua tuna mashine ya kuoshea vyombo. Msinune, hatujajipandisha, ni ya kuachiwa. Kaka yake Mama Kulwa alikuwa anamfanyia kazi mzungu mmoja huko mgodini, mzungu akawa anarudi kwao akagawa vitu, watu wakagombania friji wakagombania tivi, hii ikabaki peke yake sebuleni maana hakuna aliyejua inakula nini. Ndio ikaletwa Mwanza kwenye kerieni ya Noah. Na inaosha jamani, tena inaosha kuliko mtu, unapanga vyombo, unaweka kidonge chake cha sabuni, unabonyeza, unaenda kuangalia mpira. Mama Kulwa anaipenda mashine ile kwa namna ambayo mimi sijawahi kupendwa.

Jana dada wa kazi hayupo, kaenda kwao Ukerewe msibani. Vyombo vya toka juzi vimejaa kwenye sinki mpaka koki haionekani, na juu yake kuna sufuria la dagaa. Na Mama Kulwa anatoka kwenda Nyegezi stendi kumpokea mama yake mzazi anayetoka Sengerema. Akiwa mlangoni akasema, "Baba Kulwa, osha kwa mkono tu, hiyo mashine jana imenigomea." Akaondoka na watoto.

Osha kwa mkono tu. Umwambie mwanaume mwenye bisibisi ndani maneno hayo.

Nikapanga vyombo, nikabonyeza. Ikavuta pumzi, ikanguruma kidogo, ikanyamaza, halafu taa ndogo yenye picha ya koki ikaanza kupepesa. Na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndio utetezi wangu wote ulipo. Sisi wa Isamilo huku juu kwenye mawe maji ni ya mgao. Dirisha la jikoni kwangu linatazama ziwa, kilomita za mraba 68,800 za maji, linametameta pale chini linakuzomea, wewe ukifungua bomba inatoka hewa. Kwa hiyo tulikuwa tunatumia ya tanki. Sasa mashine hizi zinataka presha, nyingi zinaanzia nusu bar (bar ndio kipimo cha presha), na ili upate bar moja maji yanatakiwa yakae juu kama mita 10. Tanki langu liko kwenye stendi ya mita 2. Mita 2 ni bar sifuri nukta mbili. Maji yanaingia kama yanaombwa, mashine inasubiri, inachoka, inawasha taa. Haijafa! Haina ugonjwa wowote! Ila hilo nimeambiwa leo asubuhi. Jana tulijua imekufa.

Nasema tulijua kwa sababu Bwashee alishafika. Alikuja kuchaji simu, kwake LUKU imeisha. Bwashee anauza kava za simu Makoroboi, na mtu akishabadilisha watu vioo vya simu miaka miwili mitatu hakuna kitu chenye waya hapa duniani anachokiogopa. Akaiangalia ile mashine, akaigonga ubavuni kwa vidole, akasema, "Kama maji hayaingii, si uyaingize wewe?"

Nawaambia ukweli, nilivyoisikia ile kauli nilimuona ana akili sana.

Nikachota ndoo, nikamwaga ndani. Nikafunga mlango, nikabonyeza. Ikanguruma, na jinsi ilivyotengenezwa kumbe kitu cha kwanza inachofanya ikianza ni kutoa maji machafu iliyoyakuta, kwa hiyo ikanyonya ndoo yangu yote ikaimwaga nje kwenye shimo. Nikachota nyingine. Safari hii nikaisubiri imalize kutapika, nikafungua, nikamwaga fasta nikafunga. Mashine yenyewe inahitaji kama lita 4 tu za kuoshea kwa wakati mmoja, mimi nimeweka ndoo ya lita 20, na maji kidogo yamepita kizingiti cha mlango yameingia chini ya mashine, nikaona si kitu, sakafu itakauka. Vidonge vya sabuni vilikuwa vimeisha. Bwashee akachukua ile sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ya kawaida, ya kijani, ya lita 5, akamimina kama anamimina mafuta ya kukaangia.

We dada uliyecheka kwa komenti ndefu, wewe ungejua hiyo sabuni haifai? Haya.

Ikaanza kuosha. Tukapeana tano. Tumekaa pale kwenye vigoda tunasikia maji yanapiga vyombo ndani chwaa chwaa, Bwashee anaongelea kufungua ofisi ya ufundi Nyamanoro, mimi tayari naandika meseji kwa Mama Kulwa kwamba mgonjwa kapona. Kabla sijaituma, povu likachungulia kwenye kona ya mlango. Kidogo tu, jeupe, la adabu. Halafu likatoka la pili likimsukuma la kwanza. Sasa sabuni ya vidonge imetengenezwa isitoe povu, hii ya kijani kazi yake ni povu, na mle ndani maji yanarushwa kwa nguvu, kwa hiyo kadri inavyoosha ndio inavyopiga povu. Likaja mpaka kwenye vigoda. Suruali yangu ikalowa mpaka magotini, nikaivua nikaitupia uani, nikabaki na boksa na ile singlendi ya kampeni, nikijiambia niko kwangu na mke kaenda mbali.

Nikazima. Mashine haizimiki.

Yaani nimebonyeza kitufe cha kuzimia, taa zote zimezimika, na bado chini inanguruma mmmmm mmmmm. Bwashee alisimama. Akasema taratibu, "Baba Kulwa, huyo mzungu alikuwa mtu wa namna gani?" Akaanza kusogea karibu na mlango wa uani. Sasa hakuna jini, chini ya mashine kuna sinia, na kwenye hilo sinia kuna boya dogo, maji yakivuja yakajaa pale boya linapanda linabonyeza swichi na pampu inaanza kutoa maji bila kuuliza mtu, ili nyumba isifurike. Ni kitu cha usalama. Nilikiona palepale kwenye YouTube, mzee mmoja anaeleza polepole: chomoa umeme, vuta mashine nje, iinamishe kwa nyuma kama digrii 45, maji yatamwagika yote, boya litashuka.

"Boya ni lipi hapo?" Bwashee akauliza. Sikumjibu.

Nikachomoa. Kelele ikakata. Tukaivuta mashine katikati ya jiko.

Sasa niwaeleze hesabu yangu ya muda, maana wengi mnauliza sikuwa najua mkwe anakuja? Nilijua. Ila mimi nilimuoa Mama Kulwa enzi za kivuko. Enzi hizo mkwe akitoka Sengerema anafika Busisi anakuta foleni, anakaa, ananunua mahindi, anakaa tena, anavuka, na wewe huku mjini unadeki, unapiga pasi, unaficha kreti ya bia, na bado unapata muda wa kusinzia. Tangu Juni 2025 kuna daraja. Kilomita 3 juu ya maji, gari inapita dakika chache imeshatokea Kigongo, Usagara, Buhongwa, huyo Nyegezi. Mimi kama mwananchi daraja nalikubali kabisa. Kama mume wa mtu, limenionea.

Basi. Bwashee yuko mbele anasukuma mashine kwa juu iegemee nyuma, mimi nyuma naipokea. Ila nilitaka pia kuona maji yanatokea wapi, kwa hiyo nikalala chali sakafuni kwenye povu, kama sangara kwenye barafu, miguu nimepanua huku na huku nipate nguvu, mikono yote miwili juu nimeshika mgongo wa mashine. Tochi ya simu nitaishikaje? Nikaing'ata. Simu iko mdomoni, kwa upana, meno yamekamata kava.

"Inamisha," nikasema, ikatoka "Ihahisha."

Ikainama. Kwanza kikadondoka kitone kimoja, kwenye tumbo, cha baridi. Halafu sinia lote likafunguka. Yale maji sio maji, wadau, yale ni historia ya nyumba yangu, kuna punje za wali, kuna magamba ya sato, kuna dagaa mzima mwenye jicho kaja na mkondo akatua hapa juu ya kifua kwenye sura ya mgombea, akabaki ananitazama. Siwezi kupangusa. Siwezi kutema simu maana ikidondoka kwenye maji ndio imekufa na deni lake sijamaliza. Siwezi kuachia mashine, ile ikiwa tupu tu ni kama kilo 45.

Ndio nikasikia, "Hodi humu ndani."

Sio sauti ya Mama Kulwa.

Bwashee ni Msukuma kama mimi, anajua mkwe ni nini. Nikasikia malapa yake yanaondoka, chap chap chap, mlango wa uani ukafunguka. Uzito wote wa mashine ukanishukia kwenye viganja.

Kwenye mwanga wa tochi yangu, kwa chini ya mashine, nikaona viatu vyeusi vya kanisani vimesimama mlangoni mwa jiko. Juu ya viatu pindo la kitenge. Pembeni ya kitenge kiroba cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kinatua chini polepole. Kimya. Maji bado yananimwagikia. Nikatafakari maisha yangu. Kwa kawaida mbele ya huyu mama mimi hata shati lisipofungwa kifungo cha juu siingii sebuleni, yeye akila mimi najipa shughuli nyingine, sasa ananiona kuanzia nyayo kwenda juu, na boksa imelowa.

"Mwadila, Baba Kulwa," akasema.

Na mimi nimelelewa. Mkubwa akikusalimia unaitika, hata uwe unazama. "Hihahoo haha!" nikapaza sauti, na simu ikatetemeka kwenye meno, na tochi ikammulika usoni mama wa watu. Hapo ndipo wanaposema niliita mama nikilia. Ilikuwa "shikamoo mama". Nyie isikilizeni tena ile video kwa makini, mtasikia.

Mikono ikaanza kucheza. Nikasema bora niirudishe kistaarabu. Ikarudi kwa miguu yake, puuu, na kwa ule mshtuko mlango wa mbele ukafunguka wenyewe mpaka chini, povu lote lililokuwa limebaki likashuka mara moja, na nyuma ya povu vyombo. Sahani zilivunjika palepale, hazikunitesa. Kilichonitesa ni mfuniko wa sufuria. Ulitoka umesimama, ukaanza kubingirika kwenye vigae, hauna haraka, ukapita kigoda, ukakwepa ndoo, ukafika kwenye viatu vya mkwe ukamzunguka, ukaanza kulala, kling, klingi-klingi, klingiklingiklingi, sote tunausubiri umalize. Ulipomaliza, mama akainama akauokota. Akauangalia ndani. Akapitisha kidole.

"Huu bado una mafuta," akasema.

Mkono wa Bwashee ulikuwa dirishani muda wote huo, na simu iliyokuwa inachajiwa kwangu, kwa umeme wangu.

Yaliyobaki mafupi. Mama Kulwa akaingia, akaona, akatoka. Mimi nikapita dirisha la stoo kwenda kutafuta suruali. Mkwe akajifunga kanga, akakaa uani na beseni, vyombo vyote vikaisha kabla maji ya chai hayajachemka. Toka jana usiku naongeleshwa kupitia watoto tu, "Doto, mwambie baba yako ugali uko mezani," na mimi nimekaa hapo hapo mezani.

Leo asubuhi kaja fundi bomba. Kapanda kwenye tanki, kashuka, kacheka mpaka kashika ukuta. Kasema mashine nzima, niinyanyue stendi ifike mita 6 au ninunue kapampu ka kuongezea presha, na hiyo sabuni ya kijani nimpelekee mke wa Bwashee. Nikachagua stendi, maana pampu na umeme huu unaokatika hatutaelewana. Mkwe alikuwa kwenye mkeka anasikiliza. Alikuja kwa siku mbili tu. Akasema, "Basi nitasubiri, na mimi niione inavyoosha," akasimama, akaanza kumimina michembe kwenye ndoo yenye mfuniko, ile ya kuhifadhia kwa muda mrefu.

Nimempigia fundi wa kuchomelea. Anasema ana mageti ya watu mpaka mwisho wa mwezi.