Mabaraza ya Mikindani hayakujengwa kwa kukariri

Wiki iliyopita kijana ninayemfundisha kuandika programu hapa Mtwara mjini alirudi kutoka kwenye usaili akiwa mnyonge. Aliambiwa ataje ruwaza zote za usanifu wa programu za obijekti, yaani suluhisho zenye majina kwa shida zinazojirudia katika programu zinazoundwa kwa vitu vinavyoshirikiana. Akataja kumi na moja, akakwama, wakamshukuru. Hakuna aliyemuuliza amewahi kujenga nini. Na huyu ndiye aliyeandika peke yake programu ya kupokelea mazao ambayo makarani wa AMCOS moja, chama cha ushirika cha wakulima, wanaitumia ghalani. Nimeumia kwa ajili yake, ndiyo maana naandika.

Nenda Mikindani uangalie nyumba za kale za mawe. Mbele ya mlango pana baraza. Mgeni anakaa pale, kahawa inaletwa, mazungumzo yanakwenda, na waliomo ndani wanaendelea na shughuli zao bila kusumbuliwa. Aliyelijenga la kwanza alikuwa na shida mkononi: wageni hawaishi, na nyumba inataka stara. Jirani yake alikuwa na shida hiyohiyo, akaiga, ila akalipunguza kidogo kwa sababu uchochoro wake ulikuwa mwembamba. Jina lilikuja baada ya mabaraza mengi. Leo fundi akiambiwa "weka baraza", haulizi zaidi ya vipimo.

Ruwaza za programu nazo zina asili kwenye ujenzi. Msanifu majengo Christopher Alexander na wenzake walichapisha ruwaza 253 za miji na nyumba mwaka 1977. Miaka kumi baadaye waandishi wa programu Kent Beck na Ward Cunningham wakaanza kulijaribu wazo hilo kwenye programu, na mwaka 1994 Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides wakatoa kitabu chao chenye ruwaza 23. Hawakukaa chini wakazibuni. Walizikusanya kutoka kwenye mifumo iliyokuwa tayari inafanya kazi. Hapo ndipo tunapopotea sisi: wao walitoka kwenye shida wakaenda kwenye jina, sisi tunawapa vijana majina tukitegemea shida watakutana nazo huko mbele.

Turudi ghalani. Programu ya kijana wangu ilianza na korosho peke yake. Mzigo unaletwa, unapimwa, unapewa daraja, na bei ikipatikana yanatolewa makato: ushuru wa halmashauri, ushuru wa chama, usafirishaji, ghala. Funksheni moja, yaani kipande kimoja cha programu chenye kazi yake, ilitosha kabisa. Ufuta ulipoingia na makato yake, akaongeza "kama ni ufuta, fanya hivi". Zikaja mbaazi, akaongeza tena. Ile funksheni ikarefuka hadi huwezi kuisoma bila kushika kidole kwenye skrini, na kila akirekebisha mbaazi, ufuta unaharibika. Siku moja mzee mmoja akaja na karatasi yake, akasema kwa upole, "Mjukuu wangu, hili kato nimekatwa mara mbili." Alikuwa sahihi. Kijana hakulala usiku ule.

Asubuhi yake tukakaa pamoja. Kila zao tukalipa klasi yake, yaani sehemu ya programu inayojitegemea, na kila klasi ikatakiwa kujibu swali moja tu: makato ni kiasi gani? Programu kuu haijui tena kama inahesabu korosho au mbaazi. Inauliza, inajibiwa. Choroko zilipofika hakugusa hata mstari mmoja wa korosho. Jioni, kazi ikiwa imekwisha, ndipo nilipomwambia kwamba watu wanaiita Strateji. Hatalisahau jina hilo, kwa sababu ndani yake amekaa yule mzee.

Obzeva, ruwaza ya kuwatangazia habari wote wanaoisubiri, nayo tuliipata kwa njia hiyo. Sisi huku tumekuwa tukiuza korosho kwa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/2008: mkulima anaweka mzigo ghalani, anapewa stakabadhi, kwa hiyo uzito unajulikana leo na bei inakuja baadaye, mnadani. Bei ikiingizwa kuna wengi wanaoisubiri: ujumbe wa simu kwa wakulima, daftari la chama, orodha ya malipo ya benki. Mwanzoni vyote viliitwa ndani ya funksheni moja ya kuingiza bei. Siku mtandao wa ujumbe ulipokatika, bei yenyewe ikakataa kuingia! Sasa bei inatangazwa mara moja tu, na kila anayesubiri amejiandikisha mwenyewe. Lakini angalieni jambo ambalo majedwali ya kukariri hayalisemi: wanaosubiri kwa kawaida huitwa mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo mmoja akianguka bila kosa lake kudakwa, walio nyuma yake hawapati habari. Hilo hulijui mpaka likufike.

Singeltoni, ruwaza ya kuruhusu kitu kimoja tu cha aina fulani katika programu nzima, simfundishi mtu. Wanafunzi wanaipenda kwa sababu ni fupi, kisha inawaachia kitu kimoja kinachoshikwa na kila kona ya programu, na majaribio yanakuwa mateso.

Kuna na suala la lugha za kuandikia programu. Kitabu cha wale wanne kilitoa mifano kwa C++ na Smalltalk. Mwaka 1996 mtaalamu wa kompyuta Peter Norvig alionyesha kwamba ruwaza 16 kati ya zile 23 zinakuwa nyepesi zaidi, au hazionekani kabisa, kwenye lugha kama Lisp na Dylan. Vijana wetu wengi wanaanza na Python, ambamo Strateji inaweza kuwa funksheni uliyoipitisha tu, bila klasi yoyote. Anayewadai wachore klasi nne anawadai baraza kwenye nyumba isiyo na mgeni.

Ninyi mnaosaili, nawaomba kwa dhati: mpeni kijana msimbo, yaani maandishi ya programu, unaouma, mpeni saa moja, kisha mwacheni awaeleze alichokibadilisha na kwa nini.

Kijana wangu ameshaanza kazi nyingine. Chama kinataka mizani ipeleke uzito kwenye programu moja kwa moja, na mizani waliyonayo inatoa gramu zilizochanganyika na maandishi, wakati programu inangoja kilo. Ameanza kuibomoa programu ili ifanane na mizani. Neno Adapta, ruwaza ya kuweka mkalimani kati ya vitu viwili visivyoelewana, sijalitaja bado. Nimemwachia siku mbili.