Kukoroma kwa ami na hii habari ya kinga kufa

Kuna voisi moja imezunguka sana hapa Lamu mwezi huu, mimi nimeipata kwa grupu ya familia, ya mtaa, na hata kwa jamaa mmoja wa Langoni ambae kazi yake ni kututumia bei za samaki tu. Anaeongea anasema mtu akikoroma mpaka pumzi ikakatika usingizini basi kinga yake ya mwili imekufa, ndio manake mafua hayamuishi, na mwisho wa voisi bila shaka kuna unga wa miti shamba unauzwa. Upande wa pili wazee wetu barazani wanasema kukoroma ni mtu kashiba pilau yake na usingizi umemkolea, hayo mengine ni kutafutana ugonjwa. Naona wote wamekosa ila hawajakosa sawasawa.

Ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini upo, kizungu wanauita sleep apnea, na si wa mchezo. Mtu akilala koo linalegea, njia ya hewa inajifunga, anakaa sekunde 10 au zaidi hapumui, oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unagutuka, anavuta hewa kwa kishindo alafu inaanza upya, na asubuhi yeye hakumbuki kitu. Madaktari wanahesabu inakatika mara ngapi kwa saa, 5 mpaka 15 wanaita hafifu, 30 na zaidi ni kali. Ami yangu nilimhesabia mwenyewe tukilala juu darini siku za joto la kaskazi, robo saa tu ikakatika mara nane. Najua hicho si kipimo cha daktari lakini jaribu kukaa gizani unangoja mtu mzima arudishe pumzi uone kama utasema ni pilau.

Sasa hiyo kinga. Voisi ina ukweli wake hapa ila imeugeuza juu chini. Oksijeni ikishuka na kupanda usiku kucha mwili unaona kama umeumizwa mahali, unamwaga kemikali za kuita askari wa kinga, zile IL-6 na TNF, ini nalo linatoa protini ya CRP, na wagonjwa wengi wa hali hii wakipimwa hivi vitu viko juu kuliko kawaida. Yani kinga haijafa, ni kwamba hailali. Chukulia mtaa unaopigiwa ukelele wa mwizi mara thelathini kila saa, vijana wanatoka na marungu, mwizi hayupo, mwisho wanavunja milango ya majirani, na hiyo milango ndio mishipa yetu ya damu. Ndio manake ugonjwa huu unatembea na presha na moyo.

Lakini ngoja. Wengi wenye tatizo hili ni watu wazito, na mafuta ya tumboni yenyewe yanatoa kemikali hizohizo hata mtu akilala vizuri, kwa hivo nani mwenye kosa, pumzi au kitambi? Mwaka 2014 yalitoka majibu ya utafiti wa Marekani, watu wanene wenye tatizo hili waligawanywa mafungu matatu kwa wiki 24, fungu moja likapewa mashine ya CPAP ile inayosukuma hewa puani usiku, moja likapunguza uzito, moja vyote viwili. CRP ikashuka kwa waliopunguza uzito, wa mashine peke yake haikushuka cha maana. Hilo ni pigo kubwa kwa wanaosema kila kitu ni pumzi. Mimi sijaliona kama limemaliza kesi lakini, kwanza CRP ni kipimo kimoja tu, na pili mashine watu hawaivai, kuna utafiti mwingine mkubwa wa 2016 ulikuwa na watu zaidi ya 2,700 (huo ulikuwa wa moyo, si kinga) na kwa wastani waliivaa saa tatu na kitu tu kwa usiku. Ukifua nusu ya kanzu usilaumu sabuni.

Kwenye mafua ndio voisi inaishiwa pumzi yenyewe. Ni kweli mwaka 2015 watafiti waliwatia watu 164 virusi vya mafua puani na waliokuwa wakilala chini ya saa sita walishikwa mara nne zaidi ya wale wanaolala zaidi ya saa saba, ila hao walikuwa watu wazima wa afya wanaolala kidogo, si wenye pumzi kukatika, na ni vitu viwili tofauti japo watu wanavichanganya. Kuna utafiti mdogo wenye tatizo hili walichanjwa chanjo ya homa ya mafua na miili yao ikajibu kama ya wengine tu. Nimonia ndio imeonekana kwao zaidi kidogo, lakini hapo mate kuteremkia kwenye mapafu usingizini yanaeza kuwa sababu bila kinga kuguswa. Alafu kuna wale ambao mambo ni kinyume, pua ya aleji au mafindofindo ya watoto ndio yanaziba njia, kinga ndio imeleta kukoroma!

Kwa hivo unga hatukununua. Ami nilimpeleka hospitali kwa sababu anasinzia mpaka chai inamwagika, na presha kweli ilikuwa juu, sasa tunangoja safari, boti mpaka Mokowe na basi mpaka Mombasa akapimwe usingizi wenyewe. Kwa sasa mkewe kamshonea mfuko mgongoni mwa fulana katia mpira wa tenisi asilale chali, manake kuna watu pumzi inakatika zaidi wakilala chali. Juzi nikamhesabia tena, robo saa, mara tatu. Mafua bado anayo.